Kamba ya Kuanikia Nguo katika Nchi ya Majumba Saba

Nipeni masikio yenu, nami nitawapa nchi nzima. Haimo katika ramani yoyote niliyowahi kuiona, na njia ya kwenda huko msiniulize, maana aliyenisimulia aliipita mbio mbio bila kutazama pembeni. Alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa makamo, jina lake Sihaba. Mdogo wake wa pekee, Zuwena, alikuwa ameolewa katika nchi hiyo, na siku moja alimtumia salamu za maneno mawili tu: "Dada, njoo." Sihaba alifunga mkasi, sindano na vitambaa katika kifurushi, akaenda.

Nchi yenyewe huitwa Majumba Saba, kwa kuwa shughuli zake zote zimo katika majumba saba yanayozunguka uwanja mmoja. Lipo Jumba la Majina, la Wagonjwa, la Dawa, la Mashamba, la Maji, la Ndoa na la Njia. Kila jumba lina namna yake ya kuweka kumbukumbu, na kila jumba linaamini kwamba namna nyingine ni za watu wasiofunzwa. Jumba la Majina hufunga mafundo kwenye kamba. La Wagonjwa hutunga ushanga. La Dawa hukwaruza vigae vya udongo, la Mashamba huchora kwa mkaa juu ya mbao, la Maji hukata alama kwenye fimbo. La Ndoa husuka mikeka, na la Njia hupanga mawe sakafuni, kwa hiyo hapo hakuna anayeruhusiwa kufagia.

Ukimweleza mtu wa huko kwamba sehemu nyingine watu huandika kwa namna moja, atakutazama kwa huruma, kisha atakukaribisha chai.

Sihaba alimkuta Zuwena ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu, anavuta pumzi kwa mluzi. Pumu ilikuwa imemrudia tangu mvua zianze. Midomo yake ilikuwa imeingia ubuluu, na vidole vilivyokuwa hodari wa kusuka ukili vilikuwa vimelala juu ya shuka havina kazi.

"Dawa hamna?" Sihaba aliuliza, hata salamu hajamaliza.

"Ipo, dada."

"Iko wapi?"

Zuwena akanyanyua kidole, akaelekeza dirishani. Nyumba yao ilikuwa ukingoni mwa uwanja. Ng'ambo, katika dirisha la Jumba la Dawa, palionekana rafu, na juu ya rafu chupa za kijani zimepangwa safu.

"Zile pale," akasema. "Neno langu tu ndilo halijafika."

Hamadi, mumewe, ndiye aliyeeleza, kwa sababu mgonjwa hakuwa na pumzi ya hadithi ndefu. Katika nchi hiyo mtu haruhusiwi kubeba shida yake mwenyewe. Sheria inasema wenye shida hutia chumvi. Shida hupokelewa na jumba moja, kisha tarishi huipeleka kwenye jumba jingine. Kila jumba lina matarishi sita, mmoja kwa kila jumba jirani, na kila tarishi anajua kugeuza namna mbili tu: ya kwao na ya huko aendako. Arobaini na wawili kwa jumla. Tarishi aliyekuwa akigeuza ushanga wa wagonjwa kuwa vigae vya dawa alikuwa Mzee Vuai, na Mzee Vuai alistaafu miaka miwili iliyopita.

"Mrithi wake?"

"Hajawekwa. Baraza Kuu linasema si wakati wa kutafuta tarishi. Ni wakati wa kuchagua njia bora ya kuyaunganisha majumba yote, mara moja, kwa vizazi vyote."

"Miaka miwili?"

"Shemeji, huu mjadala una miaka kumi na mmoja. Miwili ni tangu Vuai aondoke."

Basi neno la Zuwena lilipelekwa kwa kuzunguka. Kutoka Jumba la Wagonjwa lilikwenda Jumba la Mashamba, maana tarishi wa huko alikuwepo. Mashamba hawana alama ya mwili wa mtu, wana alama za viwanja, kwa hiyo Zuwena akawa kiwanja cha Zuwena. Tarishi wa kutoka hapo kwenda Dawa naye hakuwepo, basi likaenda Jumba la Maji, lifike Dawa kwa mlango wa nyuma. Watu wa Maji hawajui habari za pumzi, wanajua kinachopita na kisichopita. Wakasoma kwamba kwa Zuwena hakupiti. Wakasema, ala, hili letu! Kesho yake walifika vijana wawili wenye majembe, wakauzibua mfereji ulioko nyuma ya nyumba, wakaufagia vizuri, wakamtakia mgonjwa afya njema. Kisha Jumba la Maji likarudisha jibu: imetimizwa. Jumba la Wagonjwa likatunga shanga nyeupe, na shanga nyeupe maana yake shauri limefungwa. Shauri lililofungwa hufunguliwa siku ya kuhesabu ushanga wa mwaka, na siku hiyo ilikuwa bado miezi saba.

"Mganga amesemaje?" Sihaba aliuliza.

Hamadi alimtazama mkewe, akamvuta shemeji yake kando. "Amesema mvua kubwa zinaanza baada ya siku nne au tano. Akizikuta hizo bila dawa, hatavuka."

Sihaba hakulia. Alifunga kanga kiunoni, akatoka.

*

Katika Jumba la Wagonjwa alipokewa na karani aitwaye Bwana Shaame, mtu mwembamba, mpole, mwenye nyuzi za ushanga shingoni mpaka kichwa kimeinama. Alimpa kiti. Aliitafuta shanga ya Zuwena akaipata upesi, maana kazi yake aliijua.

"Nyeupe," akasema kwa masikitiko. "Mimi mwenyewe namsikia akikohoa kutoka hapa, mama. Lakini shanga ni nyeupe."

"Basi mwite mwenzio wa Dawa, umwambie. Huyo hapo! Hatua thelathini!"

Bwana Shaame aligeuka dirishani. Ng'ambo, mwanamke mnene wa miwani alikuwa akipangusa vigae.

"Anaitwa Bi Asumini," akasema. "Miaka kumi na tisa tunatazamana. Ijumaa huvaa kanga ya buluu. Mwaka aliofiwa na mumewe nilimwona analia siku tatu, nami nikalia huku. Lakini hatujawahi kusema. Tuseme kwa lipi? Mimi ni wa ushanga."

"Kiswahili hamjui?"

"Cha nyumbani tunajua," akasema Bwana Shaame. "Cha kazini hakuna."

Jamani! Sihaba alikuwa na ulimi, na kwao wateja wanaochelewa kuchukua nguo zao wanaujua. Lakini mbele ya mtu yule mpole aliyeinamishwa na shanga hakupata tusi la kumfaa. Akavuka uwanja. Alihesabu hatua: ishirini na nane.

Bi Asumini naye hakuwa mkatili. Alisikiliza mpaka mwisho, chupa za kijani nyuma ya kichwa chake.

"Bila kigae sitoi," akasema. "Usinione sina roho. Mwaka wa kwanza wa kazi yangu alikuja mtu analia, akasema nimpe dawa ya homa kwa ajili ya ndugu yake. Nikampa kwa maneno ya mdomo. Dawa haikuwa ile. Nilikwenda mazikoni, nikakaa na mama yake marehemu. Tangu siku hiyo nataka nijue ni nani, na anapewa nini, na nani mwenye ujuzi kasema hivyo. Ningekuwa wewe ningenichukia. Lakini sitoi."

Sihaba alitaka kumchukia, akashindwa. Lile ndilo lililomchoma zaidi: kila aliyemwendea alikuwa mtu mwema mwenye sababu.

*

Akaambiwa aende Baraza Kuu, kwani siku hiyo kulikuwa na kikao. Siku zote kulikuwa na kikao. Ukumbi ni mzuri, una mito ya kukalia na madirisha marefu, na Mwenyekiti wake, Bwana Ngwali, ni mtu mwenye adabu na sauti ya kutuliza watoto. Wajumbe wamegawanyika pande tatu, kila upande na kilemba cha rangi yake.

Watu wa Nyuzi, vilemba vyekundu, wanasema mambo yabaki kama yalivyo, ila matarishi waongezwe: kila jumba na kila jumba, mtu wake. Watu wa Kitovu, vilemba vya manjano, wanataka lijengwe jumba la nane katikati ya uwanja, ndani yake wakae wakalimani wanaojua namna zote saba, na kila neno lipite kwao. Watu wa Uwanja, vilemba vya kijani, hawataki matarishi wala jumba jipya. Wao wanasema kila jumba lisimame barazani mwake litangaze habari zake kwa sauti, na jumba linalohusika litasikia lichukue.

Sihaba aliketi nyuma akasikiliza, na alishangaa kuona ni watu wenye akili.

"Ongezeni jumba moja tu," alisema mjumbe wa Kitovu, Bi Mafunda, mwanamke mrefu aliyeshika kijiti cha kuonyeshea, "na matarishi wa Nyuzi wataongezeka kumi na wanne. Nani atawalisha? Na kila mmoja akistaafu anaondoka na ujuzi wake kichwani, kama alivyoondoka Vuai!"

"Na Kitovu kikisinzia?" akajibu wa Nyuzi. "Mkalimani akipatwa na kuhara, nchi nzima inyamaze?"

"Bora kusinzia," akasema Bi Mafunda, "kuliko hawa wa Uwanja. Wote wanapiga kelele, na hakuna anayejua nani kasikia!"

Kila upande ulisema kweli kuhusu wenzake. Ndiyo maana mjadala haukuisha. Wangekuwa waongo wangeshikwa uongo wao mwaka wa kwanza.

Sihaba akasimama. "Wazee wangu, shikamooni. Mimi mgeni. Ndugu yangu anakata pumzi hapo ng'ambo. Dawa yake naiona. Naomba mnisaidie kwa hilo moja tu, kisha muendelee."

Ukumbi ukamgeukia kwa huruma ya kweli. Bwana Ngwali akaweka mkono kifuani.

"Pole sana, mama. Ni kwa ajili ya watu kama ndugu yako ndiyo maana hatutaki kukosea. Wagonjwa watafaidika na njia yoyote itakayochaguliwa. Sasa, hoja yako ni ya upande gani?"

"Ya upande wa kitandani."

Wakacheka kidogo, bila ubaya. Mwenyekiti akaeleza kwamba asiye na kilemba hana zamu ya kusema, lakini jina lake litatiwa katika kumbukumbu za kikao. Kisha wakaendelea na shauri lililokuwa mezani asubuhi hiyo: kamati ndogo ilikuwa imeombwa ieleze kuunganisha ni nini, nayo ilikuwa imerudi na maelezo ya aina tatu. Baadaye wakaletewa chakula.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huko Majumba Saba mgonjwa haulizwi, ni kweli, lakini uji nao unajadiliwa mpaka upoe.

*

Mzee Vuai alikuwa analima matikiti nje kidogo ya mji. Sihaba alimkuta amechutama, anageuza matikiti moja moja yasioze upande wa chini. Ilikuwa siku ya pili tangu afike, na asubuhi ile Zuwena alikuwa ameshindwa kumaliza kikombe cha maji kwa kuhema.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Tikiti?"

"Sitaki tikiti. Nataka unifundishe kugeuza ushanga kuwa vigae."

Mzee akaacha kazi. Akaangalia huku na huku, mtu mzima yule, katika shamba lisilo na mtu.

"Huchukua miaka saba kujifunza," akasema.

"Ndugu yangu ana siku tatu."

Mzee Vuai akakaa kitako kwenye majani. "Nitakwambia jambo," akasema, "na ukilisema mjini nitakukana. Ushanga wa Shaame, uzi mmoja, una shanga mia na zaidi. Kuna salamu, kuna nasaba ya mgonjwa, kuna sifa za Jumba la Wagonjwa. Nilipoanza nilijitahidi kuvigeuza vyote. Aliyekaa mahali pa Bi Asumini wakati ule, mama yake, hakuwa akisoma ila pembe moja ya kigae. Basi nikawa nikifika kisimani katikati ya uwanja, yote nayaacha hapo. Nabeba mambo manne. Nani. Dawa gani. Kiasi gani. Lini. Kwa miaka ishirini na saba sikubeba jingine."

"Manne tu?"

"Manne tu."

"Na hukumwambia mtu?"

"Ningesema, wangeniambia nini? Kwamba kazi yangu angeweza kuifanya mtoto." Akavuta jani la tikiti, akalichanachana. "Nilikuwa na heshima, mwanangu. Walikuwa wakinipisha njiani."

Sihaba alitaka kumpigia kelele. Watu wangapi waliugua katika miaka miwili ile, wakati mambo manne yamekaa kimya shambani katikati ya matikiti? Mzee mwenyewe alikuwa akiwaza hilo hilo, ilionekana, maana machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Sihaba akachukua tikiti moja bila kuulizwa, akaondoka.

*

Fundi anapounganisha vitambaa viwili hana haja ya kujua kila uzi ulivyofumwa ndani ya kila kimoja. Anataka pindo tu, upana wa kidole, huku na huku. Sihaba hakuwaza haya kama hekima. Alikuwa ameketi sakafuni kando ya kitanda cha ndugu yake, amekasirika, na mikono yake ilijua kitu kimoja cha kufanya. Alikata kipande cha kitambaa cha marekani, akashona juu yake mifuko minne.

Asubuhi alikwenda kwa Bwana Shaame akamkamata mkono. Hakumwomba, alimkamata. Akamtoa nje na shanga zake zote zikimlia shingoni, akamvusha uwanja, akamsimamisha mbele ya dirisha la Bi Asumini. Wale wawili walitazamana kwa karibu kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa. Bwana Shaame akasema, "Pole kwa msiba." Bi Asumini akavua miwani akaifuta.

"Baadaye mtalia," alisema Sihaba. "Sasa sikilizeni."

Mfuko wa kwanza ni wa nani. Alichukua pindo la kanga ya Zuwena, akalikata kwa mkasi meno meno, likawa vipande viwili. Kimoja kitaingia mfukoni, kingine kitabaki nyumbani kwa mgonjwa. Anayekuja kuchukua dawa akileta kipande chake, meno yatakutana au hayatakutana. Mfuko wa pili ni wa dawa gani: kunde kwa kifua, choroko kwa tumbo, punje ya hindi kwa homa. Wa tatu ni kiasi: kokoto kwa kila chupa. Wa nne ni lini. Jani bichi ni leo. Jani kavu, anaweza kusubiri.

"Na nasaba yake?" aliuliza Bwana Shaame. "Siwezi kumtuma mtu hana nasaba."

"Mimi nahitaji mifuko kumi na moja," alisema Bi Asumini. "Kuna uzito, kuna umri, kuna jina la mganga..."

"Umri na uzito anavijua mganga aliyehesabu kokoto. Mganga ni wa Jumba la Wagonjwa. Mfuko ukitoka dirishani kwa Shaame, basi Shaame kasema. Unamwamini Shaame?"

Bi Asumini alimtazama yule karani aliyelia naye siku tatu kutoka ng'ambo ya uwanja. "Namwamini," akasema.

"Na nasaba?" alisisitiza Bwana Shaame.

"Mifuko minne!" Sihaba alipiga dirisha kwa kiganja. "Kitambaa kimekwisha!"

Ikabaki swali la tarishi, maana tarishi bila idhini ya Baraza ni kosa. Sihaba akauliza kama kuna sheria inayokataza kuanika nguo. Wakafikiri wote wawili, kwa uaminifu kabisa, wakasema haipo. Basi wakafunga kamba kutoka dirisha hili hadi lile, imezungushwa kwenye misumari miwili, ukivuta huku inakwenda kule. Bwana Shaame akarudi kwake. Hakukosea: kipande cha kanga, kunde moja, kokoto tatu kwa hesabu ya mganga, jani bichi la mpera. Kuhusu shanga nyeupe alisema tu kwamba shauri la mfereji limefungwa kihalali, na hili ni la kifua. Kitambaa kikavuka uwanja kikining'inia, juu ya kisima, mbele ya macho ya watu wote, na hakuna aliyekishangaa kwa kuwa kilionekana ni nguo iliyofuliwa.

Hamadi alikuwa tayari mlangoni kwa Bi Asumini na kipande cha pili. Meno yakakutana.

Zuwena alikunywa kijiko cha kwanza kabla ya adhuhuri. Jioni mluzi ulipungua. Siku ya nne mvua kubwa zikaanza, na Zuwena akazisikiliza akiwa amelala chali, mto mmoja tu chini ya kichwa. Sihaba akatoka nje akasimama katika mvua ile, akalia kwa sauti, kilio chote alichokuwa amekiweka.

*

Ningependa kuishia hapo, lakini nchi hainiruhusu. Habari za kamba zilifika Barazani siku ya tisa, na siku hizo tisa vipande vya kanga vilikuwa vimevuka mara thelathini na mbili. Sihaba akaitwa. Safari hii alipewa zamu ya kusema bila kilemba, lakini hakupata nafasi ya kusema.

Watu wa Nyuzi walisema kamba ni uzi, kwa hiyo ushindi ni wao. Watu wa Kitovu walisema siri haiko kwenye kamba, iko kwenye kitambaa cha mifuko, na kitambaa hicho ni Kitovu kidogo. Watu wa Uwanja waliuliza kamba imepita wapi kama si juu ya uwanja? Walijadiliana siku mbili kwa furaha ambayo haikuwa imeonekana tangu mwaka wa kwanza. Hatimaye Bwana Ngwali, kwa adabu yake ile ile, akatoa uamuzi: kamba ni jambo zito mno kuachwa hewani. Iteremshwe kwa muda, iletwe ukumbini, ichunguzwe na kamati, na isitumike mpaka itakapojulikana ni ya njia ipi.

Ikateremshwa. Iliwekwa juu ya mto wa hariri.

Sihaba alirudi nyumbani akafunga mizigo yake, kwa kuwa Zuwena alikuwa ameanza kupika na nguo za watu zilikuwa zinamsubiri kwao. Asubuhi ya kuondoka alifungua dirisha. Mvua ilikuwa imekatika. Kutoka dirisha la Bi Asumini hadi la Bwana Shaame palikuwa na kamba mpya, na juu yake zimeanikwa kanga mbili, shuka, na kitambaa cha mifuko minne. Kutoka Jumba la Maji hadi la Mashamba palikuwa na nyingine, yenye mifuko mitano, maana wao waliona minne haiwatoshi. Mzee Vuai alikuwa amepanda ngazi penye Jumba la Majina, anapigilia msumari. Wajumbe wa Baraza walikuwa wakielekea kikaoni, vilemba vyekundu, vya manjano na vya kijani, wakiinama kupita chini ya nguo mbichi, wakiwa wamezama katika mazungumzo.

Akavuka kumuaga Bi Asumini. Palikuwa na mtu mmoja mlangoni, amewapa mgongo wapita njia, kilemba amekivua amekishika kwapani. Alikuwa Bwana Ngwali. Hakuwa amelala, macho yalisema. Ile sauti yake ya kutuliza watoto haikuwepo.

Juu ya meza ya Bi Asumini kulikuwa na kitambaa kilichokwisha kuvutwa: kipande cha kanga, kunde moja, kokoto mbili, jani bichi.

Mwenyekiti alitia mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa kipande cha kitambaa kilichokatwa meno meno. Kilikuwa cha zamani, rangi imepauka kwa kufuliwa.

Bi Asumini alimtazama juu ya miwani. Angeweza kusema mengi, na Sihaba alitamani ayaseme. Aliuliza moja tu.

"Hiki ni cha njia ipi, Mwenyekiti?"

"Cha mama yangu," alisema Bwana Ngwali.

Bi Asumini akaviweka vipande viwili mezani, akavisogeza kwa kidole mpaka meno yakaumana. Akageuka rafuni, akatoa chupa mbili za kijani, akampa. Bwana Ngwali alizipokea kwa mikono miwili, akazikumbatia kifuani, akaondoka upesi upesi kwa njia ya nyuma.

Saa nne alifungua kikao kama kawaida.